Nusu ya Shija

Macho yana pazia. Waliosema hayana walikufa kabla miti ya mikombozi haijaanza kuchanua, na methali yao ikabaki kama koti la marehemu lisilomtosha mrithi yeyote.

Nyemo Chilewa alilijua pazia hilo kwa ndani. Lilimshuka utotoni, jicho la kushoto. Kwanza ulikuja mwasho, akajikuna mpaka kope zikavimba. Kisha chini ya ukope wa juu vikaota vinundu vilivyobanana kama kokoto za mtoni, na kila alipopepesa, kokoto zile zikasaga kioo cha jicho. Uteute ukawa unamtoka, mweupe, unavutika kama mlenda. Mwisho kioo kikapata kidonda, kidonda kikaacha kovu, na kovu ndilo pazia lenyewe. Yeye alibahatika, lilikomea jicho moja. Wenzake wengi hawakubahatika.

Mti ulioleta haya ulitengenezwa maabara na kupandwa kuvuka Nyanda za Kati zote, ukanda mpana wa kijani uliozuia mchanga usiimeze miji. Haukuhitaji mvua. Bila mikombozi hapakuwa na mtama wala kisima, na kwa hiyo hapakuwa na watu. Lakini kila kiangazi kilipokolea miti ilichanua, ikamwaga chavua laini iliyotanda barabarani na juu ya mabati, na watu wakauita msimu wa unga. Watu wazima walipiga chafya. Watoto walifungwa vitambaa vya macho.

Ndiyo maana Nyemo, alipomaliza masomo, aliomba kazi Dotoni, kituo cha kutafuta dawa ya pazia.

Getini jengo lilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyelitumia. Humo ndani kila mtoto mgonjwa alitolewa damu kidogo, na damu hiyo ikatiwa katika panya weupe wawili waliozaliwa bila kinga ya mwili. Panya wale wakaota kinga ya mtoto yule: wakachukia alichokichukia, wakawashwa na kilichomwasha. Kisha walipuliziwa chavua mpaka pazia likawashuka nao. Mmoja alitiwa dawa mpya. Mwingine alitiwa maji ya chumvi tu, aumie hadi mwisho, ili ijulikane kama aliyepona ameponywa na dawa au na bahati.

Akina mama ndio waliowapa majina. Mtoto ndiye Kulwa, panya wa dawa akawa Doto, pacha wake. Panya wa maji ya chumvi wakamwita Shija, afuataye mapacha. Wafanyakazi walicheka, kisha wakazoea, kisha wakayaandika majina hayo kwa rangi juu ya matundu.

Haikuwa rahisi kufika hapo. Mwanzoni hakuna mzazi aliyekubali damu ya mwanawe iingizwe katika panya. Huo ulikuwa uchawi kwa lugha yoyote ile. Aliyefungua njia ni mkuu wa kituo, Dakta Nyaulingo, Mhehe wa sauti ya upole. Alikubaliana na wazazi kwamba mama mwenyewe ndiye atakayeshika chupa na kuwatia panya wa mwanawe matone, na kwamba muda huo hakuna mtaalamu atakayekanyaga chumbani, asije akasemwa amechanganya kitu. Wazazi wakaja. Makubaliano yale yalionekana kuwa hekima, na kwa miaka kadhaa hayakumdhuru mtu.

Asubuhi moja mashine ya kupima macho ilitoa jibu la jaribio zima. Doto wamepata nafuu. Shija nao wamepata nafuu. Kwa hiyo dawa na maji ya chumvi ni kitu kimoja, na kwa hiyo dawa imeshindwa, iteketezwe.

Nyemo alilisoma jibu hilo akiwa amesimama. Halafu akaenda kwenye tundu lililoandikwa Lameki, jina la mmoja wa watoto wagonjwa, akamtoa Shija na kumweka kiganjani. Alikuwa amekwisha kuona mamia ya Shija. Alijua wanavyopaswa kuwa wakati huu wa msimu: kope zimevimba kama maharage yaliyolowekwa, kichwa kimeinama, mguu wa mbele haukomi kukuna. Panya huyu alikuwa amekonda, ndiyo, lakini alikuwa amemkodolea macho mawili meusi yanayong'aa.

Dawa ile ilikuwa imetiwa kiungo kinachowaka buluu mbele ya taa ya zambarau, ili watafiti waone imekaa wapi katika jicho. Nyemo aliwasha taa. Jicho la Shija likawaka buluu.

Alikwenda tundu baada ya tundu na taa yake mkononi, na kila Shija alimwakia. Akafika tundu la mwisho, la mtoto aliyeletwa kutoka kituo cha yatima. Mtoto huyo hakuwa na mama wa kuja kushika chupa, kwa hiyo panya wake walitiwa matone na mkono wa mashine. Shija yule hakuwaka. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama ganda la yai. Doto wake pazia lilikuwa limemtoka kabisa, ila juu ya kioo cha jicho palikuwa na kiwingu chepesi sana, kama pumzi ya mtu kwenye dirisha. Nyemo alikitazama kiwingu kile kwa hadubini, akakitazama tena, na hakupenda alichokiona.

*

Siku ya matone ilipofika, alivunja makubaliano akaingia chumbani.

Mama Lameki alikuwa mkata maua. Kazi yake ilikuwa kukwea mikombozi na kufyeka vichala kabla havijapasuka, na mikono yake ilijaa makovu ya miiba. Mwanawe alikaa karibu naye, kitambaa usoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwenda msimu uliopita. La kulia lilikuwa linakwenda. Mama alikuwa akiongea na wale panya kwa Kigogo, taratibu, kama mtu anayebembeleza wageni waonje chakula kabla ya safari. Alibinya chupa ya dawa, tone likaanguka kwenye ukucha wa kidole gumba. Akachovya unyoya wa kuku katika tone lile, akampaka Doto jichoni, akachovya tena, akampaka Shija. Kisha akachukua chupa ya maji ya chumvi, akafanya vilevile, asionewe mtu.

"Mama Lameki, unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Nawagawia."

"Nani alikwambia uwagawie?"

"Mdogo wangu, mapacha hulishwa sahani moja. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenziwe, aliyenyimwa hufa kwa kijicho, na aliyepewa humfuata. Hayo nayo ni ya kuambiwa?" Alielekeza unyoya kwenye rangi iliyoandikwa juu ya tundu. "Si nyie wenyewe mmeandika hapo kwamba ni ndugu?"

Nyemo aliuliza kama kuna mwingine anayefanya hivyo. Mama Lameki akacheka, akasema wote, tangu mwaka juzi, hata kwa dawa zile zilizoshindwa, na ambaye angemnyima Shija angetazamwaje na wenziwe? Walichotofautiana ni vipimo tu. Mmoja alitumia pamba, mwingine ncha ya njiti, mwingine alikadiria kwa jicho. Yeye, kwa upande wake, alimpa Shija kubwa kidogo, maana ndiye aliyekuwa anakonda. Hakuna aliyewahi kuficha. Hakuna aliyewahi kuulizwa.

"Shija anaona?" Lameki aliuliza chini ya kitambaa.

"Anaona, baba."

"Basi na mimi nitaona."

Nyemo alitoka na kuufunga mlango polepole, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

*

Kati ya Wagogo na Wahehe kuna utani wa tangu enzi. Mtani aweza kuchukua kuku wako mbele ya macho yako, aweza kulala ndani ya kaburi la baba yako siku ya maziko akakataa kutoka mpaka apozwe, na hakuna baraza litakalomhukumu. Neno la utani halina kesi. Dakta Nyaulingo alilijua hilo vizuri, na Nyemo alipoingia ofisini kwake alimpokea kwa desturi.

"Mgogo huyo. Kila siku kuomba. Leo umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuhesabu panya, mtani. Mhehe akikaa karibu na chochote chenye miguu minne, lazima mtu apite kuhesabu."

Dakta alicheka mpaka akafuta machozi. Nyemo alimwacha amalize, kisha akamweleza yote: taa, ukucha, unyoya, Shija wa yatima. Dakta aligeukia dirisha. Dirishani kulikuwa na vumbi la chavua, naye akawa analichora kwa kidole, mistari isiyo na maana. Alipoanza kusema, alirudi kwenye sauti ile ile ya mzaha.

"Tuseme mtani wako ni mwizi, maana Wahehe ndivyo tulivyo. Tuseme ameingia kwenye mashine yako akawapofusha Shija wote kwa kalamu, sio kwa chavua. Dawa inapita kesho. Watoto wanatiwa matone kabla msimu haujafika katikati. Nani atamshtaki mtani?"

Alikuwa akitabasamu. Macho yake hayakutabasamu. Nyemo alielewa kwamba hilo ndilo ombi, na kwamba limevikwa nguo za utani ili likikataliwa lisiwe limewahi kusemwa.

Wala halikuwa ombi la kijinga. Alijua dawa inafanya kazi. Macho ya Shija wote yalishuhudia. Alimfikiria Lameki, akawafikiria na wengine waliofungwa vitambaa, akahisi ulimi wake unataka kusema ndiyo. Kilichomzuia ni kiwingu.

"Tone zima limemgusa Doto mmoja tu katika nyumba hii," alisema. "Wa yatima. Na jicho lake lina kiwingu. Hao wengine wote wamepakwa nusu, au theluthi, au mate ya unyoya, hakuna anayejua. Ukipitisha dawa kwa kalamu, chupa itaandikwa tone zima."

"Panya mmoja, mtani. Huenda alijikwaruza."

"Huenda. Huenda ndiyo iliyotupandia mikombozi, Dakta."

Alipoacha kumwita mtani, wote wawili walijua mzaha umekwisha. Hapakuwa na haja ya kumkumbusha kisa kile, kila mtoto wa Nyanda za Kati alifundishwa shuleni. Kabla mti haujaruhusiwa, chavua yake ilipaswa kujaribiwa kwa panya misimu mitatu. Ilijaribiwa mmoja. Jangwa lilikuwa limefika mlangoni, watu walikuwa na njaa, na mkaguzi mmoja mwenye huruma aliona panya wachache wakijikuna, akasema huenda ni viroboto, akaweka sahihi. Hakuwa mtu mbaya. Walimshangilia, wakampa na jina la barabara.

Dakta Nyaulingo alifuta mistari yake dirishani kwa kiganja. Alisema basi kanuni zinajulikana. Akina mama wasiingie tena. Panya wapya, damu mpya, msimu mpya. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuwa ya mkuu wala ya mtani, mtoto wa mkata maua atakuwaje.

"Jicho lake halifiki msimu ujao."

"Unalijua hilo."

"Nalijua."

*

Habari haikukaa siku mbili. Akina mama walikuta mlango wa chumba cha matone umefungwa na mlinzi amesimama. Wengine walipiga kelele, wengine walikaa chini pale pale langoni. Panya wa zamani waliuawa kwa gesi, macho yao yakakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, yakasomwa, na hayakusema lolote la maana, kwa kuwa hakuna aliyejua kila mmoja alipata kiasi gani.

Mama Lameki hakupiga kelele. Alimsubiri Nyemo nyuma ya jengo, kwenye bomba ambalo wafanyakazi huoshea mikono wanapotoka kwa panya, akamwacha anawe mpaka mwisho. Kisha akasema hataki kesi wala hataki kurudi ndani. Anataka nusu tone. Moja tu kwa siku, mpaka unga upite.

Mkono wa Nyemo ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni mwa koti. Chupa ilikuwa humo. Aliichukua kabatini asubuhi, na tangu asubuhi hakuwa amejiuliza kwa nini.

"Nusu ya nani?" alisema. "Yako? Ya mwenye pamba? Ya mwenye njiti? Kila nusu iliyoingia mle ilikuwa na kipimo chake. Nikikosea namuunguza jicho alilobakiwa nalo."

"Mdogo wangu, kipofu wa kuachwa na kipofu wa kuunguzwa wana tofauti gani?"

Nyemo alikuwa na jibu. Tofauti ni kwamba wa kuachwa ni mmoja. Mtoto akipofushwa na dawa isiyoruhusiwa, Dotoni itafungwa siku hiyo hiyo, na mtu yeyote mwenye akili atasema mama zao walikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba huu ni uchawi. Na pazia litabaki bila dawa mpaka wajukuu. Na akimpa Lameki, atamnyima nani kati ya wale waliokaa langoni? Alikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la watu wengi, na mbele yake alisimama mtu mmoja mwenye chavua kwenye nyusi.

"Wewe mwenyewe jicho lako lina kovu," Mama Lameki alisema. "Naliona kutoka hapa."

"Ndiyo."

"Mama yako angepewa nusu, angekataa?"

"Asingekataa."

"Basi?"

"Basi aliyeshika chupa sio mama yangu."

Chupa ilikuwa imepata joto mkononi mwake, kama kitu kilicho hai. Mama Lameki alisubiri. Maji yalidondoka bombani. Alipoona mkono hautoki mfukoni, aliinama, akafunga koki vizuri kwa sababu maji ni ya wote, akaondoka. Nyemo alirudi kabatini, akaiweka chupa mahali pake na kulifunga kabati kwa ufunguo. 

*

Kabla ya msimu uliofuata alichukua msasa, akaanza kukwangua majina kwenye matundu. Hakumwagiza mtu. Rangi ilikuwa ngumu, na mahali pengine Shija aliendelea kusomeka hata chini ya namba mpya.

Safari hii hakuna aliyegawana. Panya wa maji ya chumvi walipofuka, mmoja baada ya mwingine, katika chumba chenye kuta nene, na ukipita ukumbini ulisikia kucha zao zikikuna, mchakacho mwepesi usiokatika, kama mtu anachambua mchele mahali usipoweza kumwona. Wafanyakazi wawili waliomba uhamisho. Nyemo alibaki, akapima.

Panya waliotiwa tone zima walipona pazia, kisha wengi wao wakapatwa na kiwingu, na kiwingu kikakomaa kikawa jiwe. Waliotiwa theluthi ya tone, kundi jipya la safari hii, walipona, na vioo vya macho yao vikabaki safi. Dawa ikapita, kwa theluthi. Ingepita kwa kalamu mwaka uliotangulia, mji mzima wa watoto ungekuwa gizani. Dakta Nyaulingo alisoma matokeo hayo, akavua miwani, na hakutania kitu siku hiyo.

Siku ya kwanza ya kugawa dawa foleni ilizunguka jengo. Mama Lameki alikuja na mwanawe, lakini hawakupanga foleni. Kijana alikuwa amerefuka. Macho yake yalikuwa meupe kama ya yule Shija wa yatima. Alimshika mama yake begani, na alijua mwenyewe kwamba aliyesimama mbele yake ni Nyemo, kwa harufu ya dawa ya kuoshea matundu.

"Shija wangu alipofuka?" aliuliza.

"Wa kwanza hapana. Wa pili, ndiyo."

"Alikuwa anatiwa maji ya chumvi."

"Ndiyo."

Lameki alilifikiria hilo bila hasira, kama anavyofikiria mtoto aliyezoea kukaa na mambo muda mrefu gizani. "Basi Shija nilikuwa mimi," alisema.

Mama yake akamwambia akae kwenye benchi, akamwongoza mpaka goti lake lilipogusa ubao. Kisha akarudi. Alisema amesikia watu wakimsifu Nyemo kwenye foleni, na wana haki, watoto wao wataona. Hakuja kudai kitu. Alitaka kujua jambo moja: nusu yake, ile aliyokuwa akimpaka Doto kwa unyoya, ilikuwa kiasi gani?

Nyemo angeweza kusema hajui. Lakini alikwisha kulipima hilo kitambo, peke yake, kwa unyoya wa kuku na ukucha wake mwenyewe, akirudia mpaka akawa na hakika. Shija alikuwa akipewa kubwa kidogo, na nyingine ilinywewa na unyoya. Doto alikuwa akibakiwa na theluthi, au karibu na theluthi.

"Ingemponya," alisema.

Mama Lameki alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Watoto kwenye foleni walikuwa wakisukumana na kucheka. Alitazama mikono yake, akaiweka nyuma.

"Sitaki ulie," alisema. "Nataka neno moja niende nalo nyumbani. Sema samahani, Nyemo. Mbele yake, asikie. Hilo tu."

Benchini, Lameki aliinua uso.

"Pole, Mama Lameki. Pole, Lameki," Nyemo alisema. "Pole nimewapa tangu pale bombani, na nitawapa mpaka nizikwe. Samahani sina. Nikirudishwa pale leo, nikiwa na chupa ile ile na nisichokijua kile kile, nitakunyima tena. Siombi radhi."